Fremu Kubwa ya Fundi

Jumatatu, 4 Machi

Mvua imeanza leo saa nne asubuhi, imenikuta uani na ndoo. Naandika kwa sababu hasira ikikaa muda mrefu huanza kuchanganya mambo, nami sitaki kusahau hata moja.

Mwezi uliopita nilikuwa mezani, nafunga baiskeli za mlima. Sasa naziosha. Duka ni lile lile na mwenye duka ni yule yule, Mama tunamwita sote, ila mimi nimeteremshwa. Dada mmoja, muuguzi wa zahanati iliyo ng'ambo ya barabara, alileta baiskeli ibadilishwe shingo ya usukani, kile kipande kinachoushikilia usukani. Fundi, ambaye ndiye mkubwa wetu, aliifanya mwenyewe. Mimi nilikuwa stoo nafungua maboksi. Akaniita: "Imekwisha, mpelekee nje." Nikampelekea. Bolti mbili za shingo hazikuwa zimekazwa hata moja. Kwenye mteremko wa kwanza usukani ukageuka mikononi mwake, akapoteza meno mawili na kidevu kikashonwa.

Mama alipouliza ni nani, Fundi hakupepesa macho. "Huyu ndiye aliyeimalizia." Nikajitetea. Lakini mimi nina miaka miwili hapa, yeye ana kumi na tano. Neno langu na lake yakiwekwa kwenye mizani, langu halishuki hata kidogo.

Nataka jina langu lirudi. Na nikipata njia ya kumtia adabu njiani, sitaikwepa.

Jumamosi, 9 Machi

Baiskeli kumi na moja. Tope la rangi zote. Fundi kanibatiza jina jipya, Ndoo. "We Ndoo, sogeza hii!" Wateja wanacheka.

Dada Muuguzi akipita mbele ya duka huvuka upande wa pili. Anawasalimu wote kwa mkono, mimi ananiruka kama dimbwi.

Jumatano, 13 Machi

Kuosha nako kuna elimu. Nilipokuwa mezani nilikuwa naona baiskeli zikitoka mpya. Sasa naziona zinavyorudi, na zinavyorudi zinasema ukweli. Ikija ambayo siti imesukumwa mbele mpaka mwisho wa reli, vile vyuma vya chini yake, mwenyewe hufika akijikanda shingo. Kila mara ni mtu mwenye miguu mirefu na kiwiliwili kifupi.

Sababu naijua. Hapa dukani mteja anapimwa kwa kitabu. Anavua viatu, anasimama ukutani, Fundi anamwekea katikati ya mapaja lile buku gumu la orodha ya vipuri na kulipandisha mpaka liguse. Kisha anachora mstari kwa penseli, anapima toka sakafuni, anasoma jedwali la kitabuni: ndogo, ya kati, kubwa. Ukuta mzima umejaa mistari. Ndivyo alivyofundishwa na aliyemtangulia. Hakuna anayepima kiwiliwili wala mikono. Lakini mlimani mtu hakai, anasimama juu ya pedali, na hapo kinachotakiwa ni kuufikia usukani bila kuutafuta. Mguu mrefu huongezewa siti kwa juu, yakaisha. Lakini fremu kubwa ni ndefu pia, na urefu huo hakuna pa kuukatia.

Ningekuwa mezani ningemwambia Fundi. Ndoo haulizwi.

Ijumaa, 15 Machi

Leo nimecheka peke yangu stoo mpaka nikaziba mdomo kwa kitambaa cha kufutia mnyororo.

Mvua zikiisha kuna mbio za kushuka mlima. Fundi hushiriki kila mwaka. Mwaka jana alikuwa wa tatu, na bado anazisimulia kama vita. Mwaka huu anataka baiskeli yake mwenyewe, yenye shokapu mbele na nyuma, na Mama amekubali kumwagizia. Akavua viatu, akasimama ukutani.

"We Ndoo, njoo unipime. Na usinifinye."

Nikalipandisha buku. Nikachora. Nikapima. Jedwali likasema kubwa.

"Umeona?" akamwambia Mama. "Hata kitabu kinamjua mkubwa."

Sasa sikilizeni. Fundi ana miguu ya korongo na kiwiliwili cha bata. Tukikaa kwenye benchi kunywa chai, mabega yetu yako sawa. Tukisimama, ananipita kichwa kizima. Yule ni mtu wa fremu ya kati, tena ya kati barabara. Alinitazama, nadhani alitaka kusikia sifa tu.

"Kubwa, Fundi," nikasema. "Ya kati utaonekana umepanda ya mkeo."

Akacheka, akanipiga begani. Ni mara ya kwanza kunigusa kwa wema tangu anipakazie. Bega likaniwasha mpaka jioni.

Jumanne, 19 Machi

Mvua. Mwashi, ninayepanga naye chumba, hakupata kazi leo, ukuta hauwezi kukauka. Kalala siku nzima. Nikamweleza habari ya fremu. Akasema, "Kwa hiyo umemlipiza kwa kumpa alichokitaka? Ndugu yangu, wewe ni hatari kuliko nilivyodhani."

Jumapili, 24 Machi

Mke wangu amepiga simu toka nyumbani. Baba mkwe amewaambia watu wote kwamba mkwewe ni fundi wa baiskeli za milimani, za watu wenye uwezo. "Baba Mapacha, ulivyonyamaza! Umechoka?" Nikasema nimechoka. Sikumdanganya hapo. Kwingine kote nilimdanganya.

Jumamosi, 30 Machi

Boksi limefika. Fundi hakutaka mtu mwingine alifungue, ila kubeba nilibeba mimi.

Sitaionea baiskeli ya watu. Ni nzuri. Nyeusi, haina makeke, breki zake zinashika kwa kidole kimoja. Fundi aliipanda akiwa amevaa kila kitu cha mlimani, na kofia kichwani, mimi nimemshikilia asianguke, ili kupima shokapu. Kuna kijipete cha mpira kwenye shokapu. Mtu akikaa, kinasukumwa, na hapo ndipo unajua imezama kiasi gani. Ikizama robo na kidogo, upepo uliojazwa ndani yake unatosha. Aliongeza upepo, akatoa, akaongeza, taratibu kama anayetia chumvi kwenye chakula cha mgeni. Kwenye kazi hiyo simpati, nakiri. Mikono yake inajua.

Kisha akasimama juu ya pedali. Viwiko vikanyooka kama vijiti. Shingo ikachomoza mbele.

"Inanikaa?" akauliza hewani, hakumuuliza mtu.

Mvua ilikuwa inapiga bati.

Jumatano, 3 Aprili

Fundi anajikanda shingo.

Jumamosi, 6 Aprili

Shingo na viganja. Amebadilisha vishikio vya usukani.

Jumatano, 10 Aprili

Ameisukuma siti mbele mpaka mwisho wa reli. Niliiona nilipokuwa naiosha. Nikaiosha vizuri kuliko zote, mpaka katikati ya meno ya gia.

Jumatatu, 15 Aprili

Ameweka shingo fupi ya usukani. Sasa analalamika kwamba gurudumu la mbele linayumba. Analaumu tairi, analaumu tope, analaumu mto aliolalia. Fremu hailaumu, kwa sababu kitabu kilisema kubwa, na kitabu kikikosea basi miaka yake kumi na mitano imekosea nacho. Mistari yote ile ukutani ni watu.

Nina furaha isiyo na afya. Nikiamka, kitu cha kwanza kukumbuka ni shingo yake.

Alhamisi, 18 Aprili

Mvua imepasua mfereji wa uani. Tumezoa maji toka asubuhi, Fundi na mimi, yeye kwa sufuria na mimi kwa ile ile ndoo. Tulipopumzika alikuwa anakunja na kukunjua vidole.

"Vinakufa ganzi," akasema. "Nikishuka ile sehemu ya mawe, dakika mbili tu, sijui kama nimeshika breki au sijashika. Naangalia kwa macho kuhakikisha."

Aliniambia kama mtu anavyomwambia mtu. Nilitikisa kichwa kwa huruma. Huruma ya uongo, lakini kwa nje zote zinafanana.

Jumamosi, 27 Aprili

Leo ni siku ndefu, nitaandika yote.

Asubuhi amekuja Mwalimu wa hesabu wa shule ya sekondari, mtu mrefu mwembamba anayetaka naye kushuka kwenye mbio. Fundi akampima kwa kitabu. Kubwa. Mwalimu akasita. Fundi akasema, "Mwalimu, mimi na wewe umbo moja. Mimi mwenyewe napanda kubwa. Ile pale. Nikuuzie nisichokipanda?"

Hapo moyo ukanishuka. Kweli walikuwa na umbo moja. Nilikuwa nimemchimbia shimo mtu mmoja, na sasa naona watu wanaliendea foleni.

Mwalimu akatoka nje kupokea simu. Nikamfuata na kitambaa mkononi kama ninayefuta mlango.

"Mwalimu, usilipe kabla hujaipanda ya kati. Panda zote mbili kwenye ule mwinuko wa nyuma. Ukishuka, simama juu ya pedali. Usisikilize mtu, sikiliza mabega."

"Wewe si ndiye uliyemwangusha muuguzi?"

Aliuliza bila ubaya, kama anayeuliza jina la mwanafunzi.

"Ndivyo wanavyosema," nikamjibu. "Lakini mabega ni yako."

Akazipanda zote mbili, mvua ikimnyeshea. Alipanda kubwa, akashuka ameduwaa. Alipanda ya kati, akashuka, akapanda tena, akashuka anacheka peke yake kama aliyepata jibu la swali la jana. Akachukua ya kati. Fundi akamfungia.

Mchana Mama alipokwenda benki, Fundi akanijia uani. Hakuniita Ndoo.

"Ulimwambia nini Mwalimu?"

"Nilimwambia azijaribu zote mbili."

"Kwa nini?"

"Ana mikono mifupi."

Akaigeukia baiskeli yake iliyoegemea ukuta. Akaitazama sana. Kisha akanigeukia mimi, na nakumbuka alikuwa ameshika kiganja cha kushoto kwa mkono wa kulia, anakikanda.

"Na mimi je? Niambie kweli. Hii inanikaa?"

Ndiyo siku niliyokuwa naiomba. Ameuliza. Mkubwa amemuuliza mwosha baiskeli. Ningeweza kusema: Fundi, ya kati ipo stoo, hamisha vifaa vyako jioni hii hii, shingo itapona kabla ya mbio. Maneno yalifika mpaka kwenye meno. Halafu nikakumbuka alivyoninyooshea kidole mbele ya Mama. Macho yale yale, hayakupepesa.

"Wewe inakukaa vizuri, Fundi. Mwalimu hana kifua, wewe una kifua. Ni mazoezi tu yamekuwa machache, mvua hizi."

Akashusha pumzi kama mtu aliyepewa dawa. "Ahsante," akasema.

Mpaka leo nilikuwa nimemsifia tu na kunyamaza. Kuanzia leo nimesema uongo.

Jumapili, 28 Aprili

Sikula. Si majuto. Mwashi kazidisha chumvi.

Jumamosi, 4 Mei

Mvua imeanza kupungua. Inanyesha asubuhi, mchana jua. Mwashi amerudi kazini. Nimemwambia yote ya Jumamosi ile. Safari hii hakutania. Akanawa mikono, akala, akamaliza, ndipo akasema: "Tofali likipinda, huweki lingine lililopinda juu yake ukasema sasa ukuta umenyooka."

Nikamwambia ukuta wangu si wa matofali.

"Haya," akasema. "Wa nini?"

Jumapili, 12 Mei

Mbio zimefanyika. Watu walijaa kando ya njia na miavuli, ingawa hakukunyesha. Nilikwenda kusimama pale penye mawe. Sitadanganya kwamba nilipita tu. Nilichagua mahali.

Wanaachiwa mmoja mmoja, na kipaza sauti kinataja nafasi kwa saa. Mwalimu alipita wa tisa, amekunja viwiko kama panzi, ametulia, akanipungia. Fundi aliachiwa baadaye, akaja wa pili. Wa pili! Kwa fremu ile! Alikuwa anashuka kama maji, na kwa sekunde moja, Mungu ananiona, nilisahau kumchukia, maana mtu anayejua kazi yake hutazamika.

Kisha akafika penye mawe. Mikono imenyooka yote, mwili umelala mbele, kichwa juu ya gurudumu. Nikamwona anaangalia vidole vyake. Aliangalia vidole badala ya njia, kuhakikisha kama vimeshika breki. Gurudumu likaingia kati ya mawe mawili, baiskeli ikasimama, yeye akaendelea.

Mlio wa mfupa si mkubwa. Nilikuwa wa kwanza kumfikia, kwa kuwa nilikuwa karibu kuliko wote. Alifungua macho akaniona. Alinitazama tu mpaka wakaja na machela, na aliyeshika upande wa kichwa alikuwa Dada Muuguzi.

Jumanne, 14 Mei

Bega la kulia. Wiki sita mkono kifuani.

Nilidhani nitalala vizuri.

Alhamisi, 16 Mei

Nimekwenda kumwona kwake baada ya kazi. Nyumba ndogo, safi, viatu vimepangwa mlangoni. Mkewe akanikaribisha, "Pita, shemeji, anakutaja sana." Akaniletea chai, akatuacha.

Fundi alikuwa amekaa kitini, mkono umefungwa kwa kitambaa shingoni.

"Nilikuuliza," akasema.

"Uliniuliza."

"Ukaniambia inanikaa."

"Nilikuambia."

Akanywa chai kwa mkono wa kushoto, ikamwagika kidogo, nikajizuia nisimpanguse.

"Zile bolti nilizisahau mimi," akasema, taratibu, kama anayeongea na kikombe. "Simu iliita, nikazisahau. Najua, na wewe unajua. Lakini Mama sitamwambia. Miaka kumi na mitano, bwana mdogo. Nikisema leo, kila aliyepita mikononi mwangu atakwenda kukagua usukani wake. Na wewe habari ya fremu hutaisema. Kila mtu na lake. Tuko sawa."

"Meno ya yule dada nayo yako sawa?"

Nilipokuwa navaa viatu mkewe akaniambia, "Ahsante kwa kumjali, shemeji."

Jumamosi, 18 Mei

Nimelifikiria hilo "tuko sawa" kwa siku mbili. Hatuko sawa. Akinyamaza yeye, jina lake ni zima. Nikinyamaza mimi, jina langu ni chafu vile vile. Amenipa nusu ya kitu na kuniuzia kama kizima.

Halafu leo, nikiwa nasugua tairi, nimeiona njia. Mwashi atadhani ni wema. Si wema.

Jumatatu, 20 Mei

Hakuna mvua. Nyasi zinafuka moshi wa jua.

Fundi amekuja dukani, mkono kifuani. Mama ameamua kwamba atakaa kwenye kiti akielekeza, na mimi niwe mikono yake mpaka apone. "Ila kila bolti atakayokaza huyu," akasema, akinionyesha, "nitaikaza tena mimi mwenyewe."

Wakati huo huo akaingia Dada Muuguzi. Breki ya nyuma ilikuwa inalia. Akamkabidhi Mama baiskeli, akasema bila kunitazama, "Mtu yeyote, isipokuwa huyu."

Nikaweka spana chini.

"Mama, nina neno. Fundi alianguka kwa sababu yangu. Fremu ile si yake, yake ni ya kati. Nilijua tangu siku aliyopimwa. Nikamsifia ile kubwa kwa makusudi. Akaniuliza kabla ya mbio, akaniuliza vizuri, mtu kwa mtu, nikamdanganya usoni. Nilitaka aumie, na ameumia."

Mama alikaa. Dada Muuguzi akanitazama kwa mara ya kwanza toka Februari.

Sikusema hayo kwa kutubu. Niliyasema ili dukani mle abaki mwongo mmoja tu, na awe Fundi, na ajue kwamba mimi najua. Nilimgeukia, nikamtazama. Sikupepesa. Alikuwa ameiva uso kama mtu mwenye homa.

"Kusanya vitu vyako," Mama akasema. Sauti ilikuwa ndogo. "Toka. Nisikuone."

Vitu vyangu ni aproni, kikombe na kandambili. Nilivichukua taratibu, nampa Fundi nafasi ya kusema. Hakuna kitu. Nikaenda mlangoni. Hakuna kitu. Nikatoa mguu wa kwanza nje, kwenye jua, na hapo nilijua nimepoteza kila kitu, na sijui baba mkwe wangu ataambiwa nini.

"Mama, ngoja."

Sikugeuka. Nilibaki na mguu mmoja nje, nikaangalia barabara, nikamwacha Fundi aseme mgongoni kwangu. Akasema simu iliyoita, na ilitoka kwa nani. Akasema bolti mbili. Akasema alivyoniita toka stoo. Kisha akamwambia Dada Muuguzi, "Ni mimi niliyekutoa meno, dada yangu." Hata hapo sikugeuka. Nilitaka aseme lote.

Dada Muuguzi hakulia wala hakutukana. Alichukua baiskeli yake, akaisukuma mpaka mlangoni, akasimama ubavuni kwangu. Akatufikiria wote wawili, nadhani. Akasema, "Mna roho mbaya, nyie," akapita. Lakini hakuvuka barabara kunikwepa. Alipita karibu mpaka gurudumu likanigusa mguu.

Mama akatuambia angetufukuza wote wawili leo hii kama angekuwa na watu wengine. Hana. Akachukua kitambaa chenye maji, akaanza kufuta mistari ya penseli ukutani, mmoja mmoja, akitugeuzia mgongo.

Mezani nimerudi. Jina nimelipata, ingawa limerudi na doa jingine, na hili ni langu mwenyewe. Fundi bado sijamsamehe, na sidhani kama yeye amenisamehe. Kesho saa mbili tunafungua pamoja, maana mlango wa bati unahitaji mikono mitatu na yeye ana mmoja.